Mlanguzi wa tiketi ashtakiwe

Wapo wanaosema tiketi ni bidhaa kama nyingine: aliyeinunua aiuze kwa bei aitakayo, na asiyeiweza aache. Hoja hiyo ingesimama kama sote tungepanga foleni moja. Mlanguzi wa mtandaoni hapangi foleni. Anatuma programu inayojifanya mamia ya wateja, inazoa viti ndani ya dakika chache, kisha anavirudisha sokoni kwa bei maradufu. Nyongeza hiyo haimfikii mwimbaji wala mpiga ngoma wake. Marekani ilipiga marufuku programu hizo mwaka 2016, lakini sheria yenyewe inatoza faini tu, na serikali kuu haikuitumia hadi 2021. Kwa mwenye faida nono, faini ni gharama ya biashara, anailipa na kuendelea. Ireland ilikwenda mbali zaidi: kwa sheria yake ya 2021, kuuza tena tiketi ya tamasha au mechi kubwa juu ya bei iliyoandikwa ni kosa la jinai. Hapo ndipo mstari unapostahili kuchorwa. Aliyeuguliwa na mtoto akamwachia jirani tiketi yake kwa bei ileile hajamdhulumu mtu, na sheria isimguse. Anayekusanya tiketi kwa mashine ashtakiwe, na tovuti inayokata kamisheni katika kila mauzo hayo ikae naye kizimbani, maana bila soko lake mlanguzi angebaki na tiketi mkononi.