AKILI YA MTU MZIMA, MOYO WA MTOTO



Imezuka katika jamii yetu tabia ambayo hatuna budi kuikemea. Mtoto akijaaliwa akili kali, akahifadhi upesi au akawapita wenzake katika hesabu, wakubwa humvua utoto wake. Hurushwa madarasa, hupandishwa majukwaani, na siku akilia kwa kunyang'anywa mpira, huambiwa: “Mwenye akili kama wewe unaliaje?” Wengine humchapa.

Tunauliza: ni nani aliyewaambia kuwa akili na moyo hukua kwa kipimo kimoja? Mtoto wa miaka 7 aweza kufahamu masuala ya mtu wa miaka 14, na bado akaogopa giza. Huo si utovu wa adabu. Kadiri akili inavyotangulia, ndivyo mzigo unavyozidi: huyafahamu mauti, ilhali moyo wake hauna nguvu ya kuyabeba.

Tumtazame Swahaba Amr bin Salama (r.a.). Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba watu wake walimtanguliza awaswalishe akiwa na miaka 6 au 7, kwa kuwa aliwashinda wote kwa kuhifadhi Qur'ani, aliyoidaka kwa wasafiri waliopita kwao. Nguo yake ilikuwa fupi, ikipanda asujudupo. Wakanunua kitambaa, wakamkatia kanzu. Mwenyewe amesimulia kuwa hakuna kitu kilichomfurahisha kama kanzu ile. Tazameni! Imamu wa kaumu nzima, na furaha yake ni nguo mpya. Nasi twamkaripia wa kwetu kwa kupenda mpira!

Asiyeridhika na atazame yaliyotokea Marekani. William James Sidis, aliyezaliwa mwaka 1898, aliingia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1909 akiwa na miaka 11, na mwaka 1910 akawahutubia wanahisabati. Magazeti yakamwandama kama kioja. Alipokuwa mtu mzima aliukimbia umaarufu, akafanya kazi ndogo za ukarani, na akalishitaki jarida lililomwanika tena mwaka 1937. Alifariki mwaka 1944. Hatusemi elimu ni adui. Alichokikimbia ni macho ya watu.

Basi enyi wazazi na walimu, mpeni mtoto elimu ya kadiri ya akili yake, na huruma ya kadiri ya umri wake. Muacheni acheze na alie. Mtoto ni amana, si pambo la jukwaani, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.