Likasi: Bei ya chini ni nzuri, lakini depo isimalize mama wa soko

Mjini Likasi, kama vile Lubumbashi na Kolwezi, mnunuzi ana milango miwili. Wa kwanza ni maduka makubwa na depo za katikati ya mji, zenye mali iliyopangwa mpaka juu na bei ya chini. Wa pili ni meza ya mama, sokoni au mbele ya nyumba, kule Kikula, Panda au Shituru. Wengi wanasema hii ni vita kati ya mgeni na mwenyeji. Kwa maoni yangu, shida iko pengine: anayeuza kwa jumla anauza pia kwa rejareja, na mara nyingi kwa bei ileile.

Tuchukue mfano. Tuseme katoni ya sabuni yenye vipande 20 inauzwa kwenye depo franka 20.000. Mama anainunua, anaibeba mpaka mtaani kwake, anauza kipande kimoja franka 1.200. Katoni ikiisha, amepata franka 4.000. Hapo ndipo inatoka nauli, ushuru wa soko, unga wa bukari ya jioni na kitu kidogo cha kuweka kwa ajili ya shule. Sasa depo hiyohiyo ikimuuzia jirani yake kipande kimoja kwa franka 1.000, mama amebaki na nini? Amekuwa mteja wa mtu ambaye ni mshindani wake. Hata akiamka saa kumi za usiku, hawezi kushinda.

Mnunuzi atajibu: mimi nimeokoa franka 200, kosa liko wapi? Ana haki. Katika mji ambamo mishahara inachelewa, bei ya chini si jambo la kudharau, na anayeidharau hajui namna watu wanavyoishi. Lakini tupige hesabu mpaka mwisho. Anayetoka Shituru au Panda mpaka katikati ya mji kwa ajili ya sabuni moja anaacha zile 200 kwa dereva wa moto, na pengine anaongeza zake. Depo haikati kipande cha sabuni katikati, haimimini mafuta ya kupimwa kwa kikombe, wala haitoi meka ya unga kwa deni mpaka mwisho wa mwezi. Mama wa mtaani anafanya hayo yote. Bei ya chini kabisa ni ya yule anayeweza kununua katoni nzima. Maskini anayenunua kidogokidogo anahitaji muuzaji aliye karibu na anayemjua kwa jina.

Tukumbuke pia meza hizo zilitoka wapi. Wakati Likasi ilipoitwa Jadotville, na hata baadaye, mfanyakazi wa Union Minière, halafu wa Gécamines, alipata mshahara na posho ya chakula kutoka kampuni. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, mishahara ikakatika. Mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliachana na kazi. Nani alishika nyumba? Wamama, kwa kuuza unga, samaki na makala. Watoto wengi wa mji huu wamesoma kwa faida ya meza hizo. Meza ikifa leo, hakuna kampuni nyingine inayongoja kugawa posho.

Je, tuwafukuze wageni? Hapana. Jambo hilo tulishalijaribu. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Maduka mengi yalichukuliwa na watu wenye cheo ambao hawakujua biashara. Mali iliyokuwa ndani iliuzwa, mali mpya haikuletwa, rafu zikabaki tupu. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ikaanza kuwarudishia wenyewe. Aliyeumia zaidi ni mnunuzi.

Kenya nao waliuona ugomvi huu. Mwanzoni mwa mwaka 2023, duka la China Square lilifunguliwa karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, likiuza kwa bei iliyowashangaza watu. Wanunuzi walijaa. Wafanyabiashara wakaandamana mwezi wa Februari, na waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akasema Wachina wakaribishwe kama wenye viwanda, si kama wachuuzi. Duka lilifungwa kwa muda, halafu likafungua tena. Kelele haikubadilisha kitu. Na Wakenya walishajua kwamba ukubwa wa duka si dhamana: Nakumatt, iliyokuwa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, ilizama katika madeni, na Januari 2020 wadai wake wakaamua ivunjwe. Waliokuwa wakiipelekea bidhaa walibaki wakililia pesa zao. Mji ukiweka chakula chake chote mikononi mwa duka moja, siku likifunga mji unakaa na njaa.

Sheria sisi tunayo. Amri-sheria ya tarehe 2 Agosti 1979, iliyorekebishwa tarehe 8 Agosti 1990, inaweka biashara ndogo mikononi mwa raia wa nchi. Iko pia sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani. Shida ni kwamba ya kwanza inakumbukwa wakati watu wana hasira, halafu inasahauliwa. Na wako Wakongomani wanaokopesha majina yao: karatasi ni ya mwenyeji, biashara ni ya mwingine. Huyo naye anamuumiza mama wa soko, hata kama wanasema lugha moja.

Basi tudai nini? Kwanza, viongozi wa mji na huduma ya uchumi waweke mpaka ulio wazi: mwenye depo achague. Akiuza kwa jumla, auze kwa katoni na kwa mfuko, asifungue katoni mbele ya mlango. Akitaka rejareja, afuate masharti na kodi za rejareja, na bei ya jumla ibaki ya chini kwa anayeenda kuuza tena. Pili, bei zibandikwe kwa franka na tarehe ya kuharibika isomeke, maana mali nyingine ni ya bei ya chini kwa sababu imekaribia kuoza. Tatu, mama wa meza asitozwe na kila anayepita na kitabu cha risiti.

Na wamama wenyewe wana chombo mkononi. Likelemba wanaijua tangu zamani: kila mmoja anatoa, mmoja anapokea. Kumi wakiweka pamoja, wanaweza kununua mzigo Lubumbashi, au hata Kasumbalesa mpakani, bila kupitia depo ya hapa. Hapo watapata bei ambayo mmoja peke yake hawezi kuipata.

Mnunuzi naye asilaumiwe kwa kwenda penye bei ya chini. Lakini siku akikosa franka na mtoto anahitaji kula, atagonga mlango wa nani? Mlango huo ndio tunaopaswa kuulinda sasa, meza zingali zimesimama.