Ukitoka dukani kwa mzee, toka na mzigo uliohesabiwa

Inboksi yangu siku hizi ina swali moja linalojirudia kuliko hata swali la machimbo ya mzigo: "Niko duka la familia, nauza, napiga picha, napokea oda, lakini sina changu. Niondoke?" Na kwenye kurasa za hamasa majibu yako tayari: toka, jiajiri, kata kamba. Mimi nimetoka, duka langu lina mwaka wa tatu, na bado sikubaliani na hayo majibu. Kabla hujauliza utoke au ubaki, uliza kwanza mzigo ni wa nani.

Tuseme ukweli kuhusu maduka ya familia. Unafungua asubuhi, unafunga usiku. Unakula, unalala, ukiumwa unatibiwa, Idd unanunuliwa nguo. Mshahara hakuna, kwa sababu "hii yote ni yenu". Hilo neno "yenu" ndilo linalomaliza vijana. Yenu akina nani? Mko watoto sita, mama wawili, na kuna baba mdogo aliyeweka mtaji wa kwanza. Leseni ina jina la mzee, TIN ina jina la mzee, mkataba wa fremu ni wa mzee. Siku akifumba macho (Mungu awape umri mrefu wazee wetu), hilo duka linaingia kwenye mirathi pamoja na kitanda na baiskeli. Ndugu yako aliyekuwa Mwanza miaka yote anapata fungu lake, wewe uliyefagia hapo miaka kumi unapata lako, na hakuna karatasi hata moja inayosema ulifanya kazi. Hapo hakuna mtu mbaya. Wote wema, ila hawakuhesabiana.

Sisi wa Tabora tunao mfano wa mtoto aliyetoka kwenye mzigo wa baba, ila hatupendi kumtaja, na sababu tunayo. Ni Tippu Tip. Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed, mzaliwa wa Zanzibar. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mkubwa hapa Unyanyembe, na alimuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Maana yake mzee alikuwa na kila kitu ambacho sisi tunakiita koneksheni: mji, mke wa ukoo wa kitemi, wapagazi, wakopeshaji wa pwani. Mtoto angeweza kukaa tu akala.

Uzeeni Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, yakachapwa kabla hajafa mwaka 1905. Kuna mambo matatu humo ambayo muuzaji mdogo akiyasoma anashtuka. Alianza biashara na ndugu zake akiwa na miaka 12, ya sandarusi, na akachukua mzigo kidogo kwa makusudi, ajione kwanza anaweza nini. Halafu alipokuja bara na baba yake, akiwa kijana wa kama miaka 18, mzee akataka kumtuma Ujiji huku mali ikiwa chini ya mtu mwingine. Akakataa. Kwenda alitaka, ila alitaka mzigo uwe mkononi mwake. Na la tatu ndilo ninalolipenda: alipovuka Tanganyika akafika Urua, wenzake wakawa wanagombania pembe kubwa za ndovu, bei juu. Yeye akanunua pembe ndogo ambazo watu hawakuzitaka, bei chini.

Baadaye akaja kukopeshwa mtaji mkubwa na Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar aliyeshika forodha ya Sultani. Mtu hakopeshwi vile kwa jina la baba peke yake. Anakopeshwa kwa sababu mzigo aliopewa kabla aliurudisha.

Sasa nisimame hapo, kwa sababu kuna watu watasoma hii na kwenda kuweka picha yake kwenye stetasi na maneno ya hamasa. Msifanye hivyo. Huyo mtu alikuwa na bunduki. Alivamia vijiji, akachukua watu utumwani, na ukubwa wake wote wa baadaye umejengwa juu ya hilo. Ukitaka kujifunza kwake, jifunze hesabu za mwanzo, halafu funga kitabu.

Mimi babu zangu ni Wanyamwezi, na mfano wangu hasa ni wapagazi. Watu wanadhani kila mpagazi wa njia ile ya Ujiji, Tabora, Bagamoyo alikuwa mtumwa. Hapana. Wanyamwezi wengi walikuwa watu wa ujira, wanapatana kabla ya safari, wanalipwa kwa vitambaa. Na wengi walikuwa na kabiashara kao pembeni, mali yao wenyewe kidogo juu ya mzigo wa bosi. Tena waliondoka kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, na mvua zikikaribia wanarudi kulima. Shamba la ukoo lilibaki na mikono yake, na yeye alikuwa na chake.

Hicho ndicho nimekifanya, na ndiyo ushauri wangu kwa wanaouliza inboksi. Usiondoke siku moja kwa hasira. Anza na kiangazi chako: masaa ambayo duka la mzee halikuhitaji, mzigo ambao mzee hauzi. Duka letu ni la vipuri vya baiskeli, na Tabora baiskeli hazijaisha, kwa hiyo siyo kwamba biashara ilikuwa mbovu. Mimi nikaanza na asali. Asali Tabora kila mtu anauza, ila wanaoheshimika wanauza ndoo za lita 20. Mimi nikachukua pembe ndogo zangu: chupa za nusu lita, safi, zimefungwa vizuri, zinaingia kwenye boksi na kusafiri na basi mpaka Dar bila kuvuja. Mama wa Kinondoni hana shida na ndoo, anataka chupa ya mezani. Ukiuza chakula nenda SIDO mapema wakuelekeze habari ya nembo ya TBS, usisubiri mpaka uwe mkubwa.

Pesa ya kwanza ilitoka kwa mzee. Na hapa ndipo kwenye ugumu, kwa sababu ukimwambia mzazi "tuhesabiane" anasikia umemlaani. Mimi sikumwambia mwenyewe. Nilimtuma baba mdogo, kama unavyotuma mshenga. Akaenda jioni, wakanywa chai, akamweleza kwamba mtoto anaomba mzigo wa mkopo na anataka iandikwe. Mzee wiki nzima hakunisemesha zaidi ya kuitikia shikamoo. Halafu asubuhi moja akaweka daftari mezani, kurasa mbili: upande huu nilichopewa, upande huu ninachorudisha kila mwezi, sahihi yake, yangu, na ya baba mdogo. Ile karatasi imenisaidia kuliko pesa yenyewe. Dada yangu mkubwa aliposema nimependelewa, alioneshwa daftari, ikaishia hapo.

Kuna mambo mengine nayapitia haraka. Usifungue fremu ukitazamana na ya mzee. Usipigie simu mafundi baiskeli waliozoea kununua kwake ukawaambia sasa uko kivyako. Najua wapo wanaosema biashara ni vita, kila mtu achukue anachoweza. Hao waache wakaishi kwenye mji ambao si Tabora, maana hapa msiba ukitokea Gongoni na Ng'ambo wanajua kabla ya saa sita, na utakaa kwenye mkeka mmoja na huyo uliyemchukulia wateja.

La mwisho ni letu sisi wa mtandaoni, na silioni likizungumzwa. Ukurasa ni wa nani? Vijana wengi ndio waliofungua akaunti ya duka la familia, kwa simu yao, kwa bando lao, wakakesha kujibu wateja. Wakitoka wanabadilisha jina la ukurasa usiku, asubuhi wafuasi elfu nane wa vipuri wanaona picha za pochi. Mimi naona huo ni wizi, hata kama bando lilikuwa lako, kwa sababu bidhaa kwenye picha zilikuwa za mzee na mteja aliamini jina la duka. Niliacha ukurasa, nikaacha namba ya WhatsApp, laini ikabaki kwenye droo ya duka, na lipa namba ya duka sikuigusa. Nikaanza upya na watu thelathini na mbili, wengi wao binamu.

Najua wapo watakaonipinga kwenye hilo, hasa ambao hawakuwahi kulipwa hata mia kwa kuendesha hizo kurasa. Kwa hao nasema hivi: ukurasa uacheni, ila dai la kazi liandikeni. Kaa na baba mdogo au shangazi, taja miezi uliyoendesha ukurasa, taja oda zilizopita humo, omba kiasi kinachoeleweka, kilipwe kwa mzigo kama pesa hakuna. Mzee wangu alinilipa kwa tairi kumi na mbili za baiskeli. Nilizipeleka Sikonge kwa mrina asali, tukabadilishana.