Mama, usifiche masufuria yako mpakani

SEHEMU YA 1

Leo siongelei uji wa lishe wala chanjo. Naongelea kitu ambacho wiki hii mmeniuliza watu watatu tofauti. Mmoja anahama Arusha kwenda Nairobi, mmoja Mwanza kwenda Kampala, mmoja anatoka Bukoba kumfuata mume Kigali. Wote barabara, wote na watoto wadogo, na wote swali moja: "Dada nesi, vitu vyangu vya ndani nivipitisheje forodha wasijue?"

Jibu langu ni fupi na najua halitawafurahisha: usivipitishe kimyakimya. Waambie.

Mtaniambia nesi na forodha wapi na wapi. Subirini sehemu ya pili mtaelewa. Mimi hili somo nimelilipia, na aliyelipa zaidi ni mwanangu.

SEHEMU YA 2

Miaka kadhaa iliyopita mume wangu alipata kazi nchi jirani. Akatangulia yeye. Mimi nikabaki kufunga nyumba, na watoto wawili: wa kike wa mwaka mmoja na nusu, na wa kiume wa miaka sita ambaye ana kifafa na wakati ule alikuwa anatumia fenobabito kila usiku.

Tukatafutiwa dalali wa magari. Kijana mchangamfu, maneno mengi. Akaniambia: "Mama, usiseme unahama. Ukisema unahama wanakupiga kodi mpaka ya kijiko. Wewe panda basi na watoto, kenta niachie mimi. Nina watu wangu."

Nikamwamini. Mimi, mwanamke niliyesoma, ninayewafundisha wenzangu kila siku wasinunue dawa kwa mtu wa stendi, nikanunua ushauri kwa mtu wa stendi.

Kenta ilipofika mpakani (mpaka siutaji, maana shida haikuwa ya mpaka) ilishushwa yote. Chini ya magodoro yangu zikakutwa katoni za bidhaa mpya ambazo sijawahi kuziona maishani mwangu. Dalali alikuwa amempakilia mfanyabiashara mzigo wake, akaufunika na vitu vya mama mwenye watoto, kwa sababu nani atapekua kitanda cha mtoto?

Dereva simu haipokelewi. Dalali simu imezimwa. Gari limezuiwa na kila kilichomo. Na dawa ya mwanangu, jamani, ilikuwa kwenye droo ya kabati la jikoni, ndani ya lile gari. Niliifunga mimi mwenyewe kwa haraka nikijua jioni tutafungua wote.

Usiku wa kwanza bila dawa ukapita. Usiku wa pili mtoto akashikwa na degedege kwenye benchi la nyumba ya wageni. Nilimlaza ubavu, nikafungua vifungo vya shati, nikatazama saa, kama ninavyofanya wodini. Ila wodini mikono yangu haitetemeki. Tulimkimbiza kituo cha afya kwa bodaboda, mimi na mtoto mmoja mbele, mwingine mgongoni.

Alipona. Ndiyo maana nina nguvu ya kuandika haya.

Asubuhi yake afisa mmoja, mzee wa makamo, aliniambia kwa upole tu: "Mama, ungekuja na mzigo wako mwenyewe na orodha yako, ukasema unahama, saa hizi ungekuwa unapika kwako."

Hayo maneno nayasikia mpaka leo.

SEHEMU YA 3

Sasa hebu tuelezane sheria, maana hofu yetu yote inatokana na kutoijua.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinatumia sheria moja ya forodha, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Ndani yake kuna Jedwali la Tano, na humo kuna kipengele cha mtu anayehamisha makazi kutoka nje ya nchi mwanachama kuingia nchi hiyo. Mtu huyo, afisa akiridhika kwamba kweli anahama, anaweza kusamehewa ushuru kwa:

- nguo zake;
- vitu vyake binafsi na vya nyumbani vya aina yoyote ambavyo alikuwa anavitumia kule alikotoka;
- gari moja, kama amelimiliki na kulitumia mwenyewe kwa angalau miezi 12, na yeye ana miaka 18 au zaidi. Basi la abiria zaidi ya 13 na gari la mzigo la zaidi ya tani mbili havimo.

Soma tena hapo kwenye vitu vya nyumbani. Kitanda, friji, masufuria, baiskeli ya mtoto, cherehani, beseni la kuogea mtoto. Vyote ulivyokuwa unavitumia. Sheria imekufikiria, mama. Wewe unajificha kwenye mlango ulioachwa wazi kwa ajili yako!

Ila mlango una masharti yake. Mzigo uwe mali yako. Uwe wa matumizi yako na familia yako. Ufuatane na wewe. Kama haukufuatana na wewe, sheria inatoa siku 90 tangu ulipofika, na Kamishna anaweza kuongeza lakini isizidi siku 360.

Na haya hayamo kwenye msamaha:
- bidhaa za kuuza au za kumpelekea mtu mwingine;
- vitambaa vya jora. Kitenge ulichoshona na khanga unazojifunga ni nguo zako. Jora zima la kitenge ulilonunua "nikifika nitauza kidogokidogo" ni biashara;
- pombe, manukato na tumbaku, isipokuwa kiasi kidogo kilichowekewa kipimo.

Friji lako la miaka minne likiwa na alama ya sumaku za watoto mlangoni linajieleza lenyewe. Runinga tatu ndani ya maboksi yenye utepe wa dukani nazo zinajieleza.

SEHEMU YA 4

Nimeshawasikia. "Nesi, wewe hujui. Shoga yangu alipita hakuulizwa kitu."

Sawa. Na mimi wodini nimewaona watoto waliopona surua bila chanjo. Je, niwaambie msichanje? Aliyepita anasimulia. Aliyenaswa ananyamaza kwa aibu, kama nilivyonyamaza mimi. Ndiyo maana mitaani mnasikia hadithi za upande mmoja tu.

"Lakini ukisema unahama wanakubana."

Watakuuliza, ndiyo. Kuulizwa siyo kubanwa. Utasimama, utafungua baadhi ya mabegi, mtoto atalia. Inachosha, sikatai. Lakini linganisha: anayetoa maelezo ya uongo au karatasi za uongo kwa forodha, sheria hiyohiyo inasema anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini hadi dola 10,000. Na gari lililotumika kubeba mali ya magendo nalo linaweza kutaifishwa. Wewe unayaweka hayo mezani kwa ajili ya masufuria ambayo ungesamehewa!

"Dalali anasema ana watu wake."

Ana watu wake, siyo watu wako. Njia ya panya ikifungwa saa nane usiku, dalali yuko kwake amelala. Wewe uko porini na mtoto mgongoni.

SEHEMU YA 5

Kwa hiyo ufanyeje? Chukua daftari la mtoto la mwaka jana, kurasa za nyuma ziko tupu.

Moja. Andika orodha wewe mwenyewe, chumba kwa chumba. Kitu, idadi, kimetumika muda gani, thamani ya makadirio. Vya umeme andika na namba iliyoko nyuma. Toa nakala tatu, weka sahihi. Risiti za zamani ukizipata, zibane humo.

Mbili. Kusanya ushahidi kwamba unahama: barua ya kazi au ya uhamisho, mkataba wa nyumba mnayokwenda, barua ya shule ya mtoto, vibali vyenu vya kuishi kama vimeshatoka. Hati za kusafiria za wote, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama baba hayupo safarini, beba barua yake ya kuridhia.

Tatu. Kabla ya siku ya safari nenda au piga ofisi ya forodha ya nchi unayokwenda, uliza utaratibu wao na kama mzigo wako unahitaji wakala. Ukihitaji, tafuta wakala wa forodha mwenye leseni, siyo anayekukimbilia getini.

Nne. Simama wakati gari linapakiwa. Usiende kulala, usiende kuaga. Kila kinachoingia kiwe kwenye orodha yako. Mtu akisema "mama nisaidie kibegi hiki kidogo", jibu ni hapana, hata kama ni shemeji.

Tano. Fika mpakani pamoja na gari lako. Mipaka kama Namanga, Holili na Taveta, Mutukula, Rusumo na Busia ina kituo kimoja cha pamoja: maafisa wa nchi zote mbili wanakaa upande wa unakoingia, mnamalizia hapo. Gari likifika peke yake na dereva asiyejua cha kujibu, kitanda chako kinaonekana bidhaa.

Sita. Mifuko ya plastiki iache. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019, Rwanda ilitangulia miaka mingi. Mama anafunga nguo za mtoto kwenye mifuko ishirini ya plastiki halafu anashangaa kusimamishwa. Tumia maboksi, masanduku, mashuka ya zamani.

Na sasa la kinesi. DAWA HAZIPANDI KENTA. Dawa zote za mtoto ziko kwenye begi unalolishika mkononi, kwenye chupa au pakiti zake zenye jina, pamoja na cheti cha daktari chenye jina la dawa, siyo jina la kampuni tu. Beba za wiki mbili zaidi. Dawa kama fenobabito, diazepamu, tramado na za kodeini zinadhibitiwa, kwa hiyo bila cheti unaweza kunyang'anywa na ukahojiwa, na mtoto wa kifafa akikatishwa dawa ghafla anaweza kushikwa na degedege. Nimeshawaambia nimelijuaje. Kadi ya kliniki na cheti cha homa ya manjano navyo viwe humohumo. Cheti hicho tangu Julai 2016 ni cha maisha, usikubali kuambiwa kimeisha.

SEHEMU YA 6

Baba, najua mnasoma kwa simu za wake zenu. Hili ni lenu.

Acheni kutangulia halafu mnatuachia nyumba nzima, watoto wawili na namba ya dalali. Barua ya kazi iko kwako, mkataba wa nyumba uko kwako, na afisa anamwuliza mke wako anayebembeleza mtoto: "Una uthibitisho gani kwamba unahama?" Tuma karatasi. Tuma wiki mbili kabla, siyo picha yenye ukungu saa sita usiku. Na kama unaweza, njoo mpakani umpokee.

Na ninyi mnaoongoza mipaka yetu, nanyi siwaachi. Sheria mnayo, nzuri tu, lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mkataba wa Jumuiya uliosainiwa hapo Arusha mwaka 1999 unakitaja Kiswahili kuwa lugha ya kuwaunganisha watu wa Jumuiya. Basi liko wapi bango la Kiswahili, herufi kubwa, getini: "UNAHAMA? VITU VYAKO VYA NYUMBANI VILIVYOTUMIKA VINAWEZA KUSAMEHEWA USHURU. NJOO NA ORODHA, ONA AFISA HAPA"? Bango moja tu. Dalali anaishi kwa sababu bango hilo halipo. Anauza giza.

Wekeni pia chumba chenye kivuli, maji na sehemu ya kunyonyeshea, na mama mwenye mtoto mchanga asipange foleni nyuma ya malori ya saruji.

SEHEMU YA 7, YA MWISHO

Mama wa Arusha, mama wa Mwanza, mama wa Bukoba: ninyi watatu mna siku za kutosha bado. Leo usiku watoto wakilala, anzeni na jikoni. Sufuria sita, sahani kumi na mbili, jiko la gesi moja. Mtungi wenyewe uuze au umwachie jirani, usiufungie ndani ya gari la mzigo kwenye jua.

Mwanangu sasa hivi ana miaka ya kuniuliza maswali. Juzi aliniuliza kwa nini kila tukisafiri nakagua begi lake dogo mara tatu. Nikamwambia ni mazoea ya kazi.

Kama unamjua mama anayefunga mizigo wiki hii, mpelekee hizi sehemu zote saba kabla dalali hajampigia. Na kama umeshahama kwa barabara na watoto, andika hapo chini ilikuwaje, uliyepita na uliyenaswa. Hasa uliyenaswa.