GAVANA NA MASHUA ZA WATU

Wako wasemao kwamba Serikali ikitwaa vyombo vya watu wakati wa vita, yapasa raia wanyamaze, maana adui yu mlangoni. Sisi hatunyamazi, kwani twajua yaliyofanyika Bengal mwaka 1942.

Mwezi wa Agosti 1939 Bunge la London lilipitisha sheria ya kutwaa mali yoyote isiyokuwa ardhi bila ya ridhaa ya mwenyewe, na ruhusa ya kuipeleka sheria hiyo katika makoloni ikatiwa humo humo. Uhindi nayo ikawekewa sheria yake ya ulinzi mwaka huo huo. Mvuvi hakuulizwa.

Wajapani walipouteka mji wa Rangoon, Machi 1942, Serikali ya Gavana Sir John Herbert ikaamuru kila chombo cha pwani ya Bengal kiwezacho kuchukua watu kumi au zaidi kiondolewe, adui asije akakipanda. Mashua kwa maelfu zikakusanywa. Nyingine zikavunjwa, nyingine zikaachwa zioze.

Msomaji wa Lamu, Pemba au Kilwa hahitaji kuelezwa maana yake. Bengal ni nchi ya mito, na mashua ndiyo barabara. Mvuvi alikosa kazi, mkulima alishindwa kufika shamba lake kisiwani, mfinyanzi alibaki na vyungu vyake, na mchele haukuweza kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Gandhi alipinga katika gazeti lake, Harijan. Waziri Mkuu wa Bengal, Fazlul Huq, alilalamika kwamba Gavana anawapita mawaziri kando. Hakusikilizwa.

Mwaka 1943 ikaja njaa. Hatusemi ililetwa na mashua peke yake: mchele wa Burma ulikuwa umekatika, kimbunga cha Oktoba 1942 kiliharibu mashamba, na bei zilipanda kupita kiasi. Lakini watu wapata milioni 3 walikufa, na Wajapani hawakuja kwa bahari.

Tena kuna jambo la fidia. Fidia humfuata mwenye chombo. Je, baharia wa ujira na mvuvi wa kukodi, hati yao i wapi?

Kwa hiyo twawaambia watungao sheria za dharura, popote walipo: andikeni siku ya mwisho ya amri, andikeni malipo ya baharia pamoja na ya mwenye chombo, na kabla ya kung'oa nanga ya chombo hata kimoja, tuambieni chakula kitapita wapi.