Saa ya Ndege Ikibadilika, Deni Hubaki



Katika jumuiya zetu za msingi hapa Kalemie, tikiti ya ndege ni mara chache kuwa mali ya mtu mmoja. Hununuliwa kwa michango: huyu ametoa franga elfu tano, yule ameuza mbuzi, mwingine ameahirisha kuezeka nyumba yake. Kwa sababu hiyo tumeona vema kutafakari pamoja juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo: kampuni ya ndege inapobadilisha saa au siku ya safari iliyokwisha kulipiwa.

Tuanze na tukio. Mama mmoja wa jumuiya yetu ana mtoto aliyezaliwa na tundu katika moyo. Baada ya kuchanga kwa muda wa mwaka mzima, tulimpatia nafasi katika hospitali moja ya India. Safari ilikuwa na sehemu mbili. Siku ya Jumanne, mama na mtoto wangepanda ndege ya kampuni ya ndani kutoka Kalemie hadi Lubumbashi. Jumatano, ndege ya kampuni nyingine ingewachukua kutoka Lubumbashi, kupitia Addis Ababa, hadi India. Tulinunua tikiti mbili zisizohusiana, kwa kuwa tuliambiwa ndiyo njia nafuu. Na kwa kuwa mama hana barua pepe, wakala wa safari aliandika ya kwake, pamoja na namba ya simu yake mwenyewe.

Siku tisa kabla ya safari, kampuni ya ndani iliihamisha ndege ya Jumanne hadi Alhamisi. Taarifa ilitumwa kwa wakala, naye hakuifungua. Tulipofika uwanjani Jumanne alfajiri, mtoto akiwa amebebwa mgongoni kwa kitenge, mlinzi wa lango ndiye aliyetuambia kwamba siku hiyo hakuna ndege. Kwa barabara zetu, hakuna awezaye kufika Lubumbashi kwa siku moja. Ndege ya Jumatano ikaondoka bila wao. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyeijulisha kampuni ya pili, iliwaandika kuwa abiria wasiotokea, ikafuta sehemu zote zilizobaki za tikiti, hata ile ya kurudi. Michango ya mwaka mzima ilipotea kwa siku mbili.

Mtoto alifanyiwa upasuaji wiki saba baada ya tarehe iliyopangwa, kwa mchango wa pili. Yu hai, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini shukrani hiyo isitufumbe macho. Kwa wiki saba mama yule alikesha akisikiliza pumzi za mwanawe, hali akijua kwamba kitanda kilichokuwa chake kimepewa mwingine.

Wako miongoni mwetu waliosema: «Ni mapenzi ya Mungu.» Hapo ndipo tunapopingana nao. Ndege haikuhama yenyewe. Watu waliketi ofisini wakaamua, mtu mwingine akapokea taarifa asiisome, na wengine tukakaa bila kuuliza. Kumtwika Mungu mzigo huo ni kuwaondolea wanadamu wajibu wao. Wahenga walisema ahadi ni deni, na tikiti ni ahadi iliyokwisha kulipiwa. Anayeihamisha tarehe ya deni lake ana wajibu wa kumtafuta mdai, kumwambia kweli mapema, na kumpa nafasi ya kuchagua. Mdai naye ana wajibu wa kujua anachodai.

Tuwe waadilifu: si kila badiliko ni uovu. Ratiba za safari za ndege duniani hupangwa upya mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Anayenunua tikiti miezi mingi kabla hununua saa ambazo huenda bado zikasogezwa. Kwetu ziko na sababu nyingine. Kampuni yenye ndege mbili au tatu, moja ikiingia matengenezoni, ratiba ya wiki nzima huyumba. Viwanja vingi vya mikoani havina taa za kutua usiku, hivyo ndege iliyochelewa mchana hulala huko iliko hadi kesho. Na wakati mwingine abiria ni wachache, basi kampuni huunganisha safari mbili kuwa moja. Sababu za kwanza tunazielewa. Hiyo ya mwisho ni hesabu ya faida, na haifai kufichwa nyuma ya maneno «sababu za kiutendaji».

Hata hivyo, sababu njema haifuti deni. Mshonaji akiugua siku ya kukabidhi nguo, hatumlaumu. Lakini naye hatarajii tumwachie kitambaa pamoja na fedha.

Kwingineko jambo hili limekwisha kuandikwa katika sheria. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 261 ya mwaka 2004 humpa abiria ambaye safari yake imefutwa haki ya kuchagua: arudishiwe fedha zake, au apelekwe aendako kwa safari nyingine. Akijulishwa zikiwa zimebaki siku chini ya 14, huweza kustahili fidia pia, isipokuwa kampuni imempa safari nyingine ya saa zinazokaribiana, au kulikuwa na dharura isiyoepukika. Marekani, tangu mwaka 2024, safari ya ndani ikisogezwa kwa saa 3 au zaidi, na ya kimataifa kwa saa 6 au zaidi, abiria anayekataa badiliko hilo hurudishiwa fedha. Nao Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaohusu safari za kimataifa, huiwajibisha kampuni kwa hasara iletwayo na kuchelewa, isipokuwa ithibitishe kwamba ilichukua hatua zote zilizostahili.

Hatuzitaji sheria hizo ili kutamani nchi za wengine. Tunazitaja kwa sababu ndani yake mna kanuni ambayo hata mkulima wa Nyunzu huielewa: aliyebadilisha mapatano ndiye abebaye gharama ya badiliko. Kanuni hiyo tunapaswa kuidai hapa kwetu, kwa kampuni, kwa mawakala, na kwa wale waliopewa kazi ya kusimamia anga letu. Lakini kudai bila maarifa ni kupiga kelele. Kwa hiyo, kama walimu tulivyozoea, tuyapange yale tuliyojifunza kwa machozi.

La kwanza ni namna ya kununua. Safari yenye kuunganisha ndege, ikiwezekana, iwe katika tikiti moja. Hapo sehemu ya kwanza ikihama, aliyeuza safari nzima ana wajibu wa kupanga upya sehemu ya pili. Tikiti zikiwa mbili zisizohusiana, kampuni ya pili haijui habari za ya kwanza, wala haiwajibiki kwazo. Pale isipowezekana, tuache siku mbili au tatu kati ya ndege na ndege. Gharama ya kulala Lubumbashi usiku mbili kwa ndugu wa ukoo ni ndogo kuliko tikiti ya India iliyopotea.

La pili ni mawasiliano. Namba ya simu itakayoandikwa iwe ya msafiri au ya mtu wa nyumbani mwake, si ya wakala peke yake. Kila tikiti ina alama ya utambulisho, kwa kawaida herufi na tarakimu sita. Kwa alama hiyo na jina la ukoo, mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti aweza kuitazama safari katika tovuti ya kampuni nyingi. Tuitazame wiki mbili kabla, kisha siku tatu kabla, kisha siku moja kabla. Pale ambapo kampuni haina tovuti ya namna hiyo, twende ofisini kwake kwa miguu, siku zilezile.

La tatu ni kutoharakisha kukubali. Ujumbe wa badiliko mara nyingi huja na kitufe cha «Nakubali». Anayekibonyeza huhesabiwa kuwa ameridhika na mapatano mapya, na kudai fedha baada ya hapo huwa kazi ngumu. Kabla ya kujibu, tusome: siku ni ipi, saa ngapi, uwanja upi, muda wa kuunganisha unatosha, viza itakuwa bado hai? Badiliko lisipofaa, tuiambie kampuni kwa maandishi kwamba hatukubali, tukitaja safari nyingine inayotufaa. Mara nyingi kampuni iliyobadilisha saa hukubali kumhamisha abiria bila ada, lakini humngoja aombe. Wala tusikimbilie kuifuta tikiti sisi wenyewe, maana anayefuta mwenyewe huangukia masharti ya adhabu, hali aliyekosa si yeye.

La nne ni kusoma saa. Tikiti huandikwa kwa hesabu ya saa 24: 07:40 ni saa moja na dakika arobaini asubuhi, na 19:40 ni saa moja na dakika arobaini jioni. Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali pale. Kalemie na Lubumbashi hutangulia Kinshasa kwa saa moja, na Addis Ababa hututangulia sisi kwa saa moja. Wazee wetu waliowahi kukosa ndege kwa kosa hili si wajinga; hakuna aliyeketi nao kuwaeleza.

La tano ni kutonyamaza. Ikionekana kwamba ndege ya pili haitawahiwa, tuijulishe kampuni hiyo kabla haijaruka. Simu moja iliyopigwa Jumanne ile asubuhi ingeweza kuwaepusha mama na mtoto wasiandikwe kuwa watoro. Sisi tulisimama uwanjani tukibishana na mlinzi, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Hapa tunafika penye uchungu. Tulipomtafuta wa kulaumiwa, tulimkuta wakala, tukaikuta na kampuni, na hatukuwaficha yale tuliyoyaona kwao. Lakini mwisho tulijikuta sisi wenyewe. Katika kamati iliyokusanya michango walikuwamo walimu watatu, muuguzi mmoja na karani wa mtaa. Tulihesabu fedha mara nne, tukaandika daftari safi, tukamkabidhi mama bahasha mbele ya watu wote, tukapigiwa makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeomba kuiona tikiti. Tulidhani upendo wetu umekamilika fedha zilipotoka mikononi mwetu. Kwa mama asiyesoma Kifaransa wala kutumia intaneti, sehemu ya upendo iliyokuwa imebaki ilikuwa ndogo mno: mtu wa kusoma kwa niaba yake.

Ndugu mmoja alitujibu kwamba kazi hiyo ni ya wakala, naye hulipwa kwayo. Ni kweli, na wakala asiyefungua barua za wateja wake anakula fedha za bure. Tumeacha kwenda kwake, na tumemweleza sababu ana kwa ana. Lakini mwenye kulipwa akikosa, anayeumia ni mgonjwa. Hatuwezi kuliacha jambo la uhai wa mtoto mikononi mwa mtu mmoja, kisha tukasema tulikuwa tumemlipa.

Basi tumeamua, na tunaziomba jumuiya nyingine zifikiri kufanya hivyo. Kila tunapochangia safari, tunamchagua mtu mmoja, mara nyingi kijana, awe mwangalizi wa safari hiyo. Huweka nakala ya tikiti na alama yake, huitazama ratiba siku tulizozitaja, huhifadhi kila ujumbe, na hupiga simu inapobidi. Kazi hiyo haihitaji cheo wala fedha nyingi. Yahitaji uaminifu wa kurudia jambo dogo hadi msafiri afike.

Mwezi uliopita binti mmoja wa sekondari, mwangalizi wa safari ya mzee aliyekuwa akienda kutibiwa macho Lubumbashi, aliona kwamba ndege imerudishwa nyuma kwa saa tano: ingeondoka alfajiri badala ya mchana. Hakuna ujumbe wowote uliokuwa umemfikia mzee. Binti alikwenda kwake usiku uleule, akamsomea saa mpya mara mbili, akamwamsha asubuhi yake. Mzee alifika uwanjani kabla ya lango kufunguliwa.