Stara Hushonwa, Mwacheni Mtoto wa Kike Acheze



Leo tuseme lile tunalolinyamazia. Mtoto wa kike Unguja na Pemba huruka kamba, hucheza nage na mpira wa pete mpaka avunje ungo. Baada ya hapo mchezo umekwisha. Kaka yake ananunuliwa viatu vya mpira, jioni baba anakwenda kumtazama kiwanjani. Yeye anaambiwa akae ndani, ameshakuwa mwari.

Ukiuliza sababu, jawabu ni stara. Haya, tuizungumze stara, maana sisi kazi yetu ni cherehani.

Stara hushonwa. Fulana pana ya mikono mirefu inayofika magotini, ya kitambaa cha jezi kizito kidogo ili kisigande mwilini kwa jasho. Suruali pana yenye lastiki miguuni. Ushungi ulioshonwa kabisa mbele, usiotaka pini hata moja. Fundi hamalizi siku mbili. Mama anayezunguka Darajani duka kwa duka kutafuta kitambaa cha sare ya harusi atasemaje kuwa nguo ya mazoezi ya mwanawe imemshinda?

Kanuni nazo hazituzuii tena. FIFA iliruhusu wachezaji kufunika kichwa mwaka 2014, na FIBA ya mpira wa kikapu ikafuata mwaka 2017. Mtazameni Ibtihaj Muhammad wa Marekani. Mama yake alikuwa akimwongezea mikono kwenye sare za michezo, kisha wakauchagua mchezo wa vitara kwa sababu nguo zake hufunika mwili mzima. Mwaka 2016 kule Rio alishindana na hijabu yake kichwani, akarudi na medali ya shaba pamoja na timu yake. Nyuma ya medali ile kuna mama mwenye sindano.

Na dini? Tumesoma chuoni kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mama yetu Bi Aisha, akamshinda Bi Aisha. Baadaye, alipokwisha kunenepa, wakarudia na Mtume akashinda. Nani kati yetu mwenye stara kumzidi Bi Aisha?

Tunajua mnachokiogopa: macho ya wanaume, mwalimu msiyemjua, kuchelewa magharibi. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo kazi ya mzazi. Nenda kiwanjani. Muulize nani anafundisha. Ombeni mwalimu wa kike na uwanja wenye faragha. Pangeni saa isiyogongana na chuo. Kaa mpaka wamalize, urudi naye. Kukataza ni neno moja tu, kusindikiza ndiko kulea.

Tunamzuia akiwa na miaka 13. Akifika 40, daktari anamwambia afanye mazoezi, sukari na presha zimepanda. Mwili uliozoeshwa kukaa utaanzia wapi?

Nanyi mabiharusi wetu, mnazungumza na wachumba mahari, nyumba na kazi. Litieni na hili: binti yetu atacheza? Mkubaliane kabla ya nikaha, maana baada ya hapo mtaamuliwa na majirani.

Kitambaa kipo, fundi yupo, ruhusa ipo. Anayekosekana kiwanjani ni mzazi.